Msamaha usiitangulie hesabu: Haki ya aliyeumia ubongo barabarani

WAHENGA walisema hujafa hujaumbika, na barabara ni mahali ambapo msemo huu husomwa kila siku. Kijana huondoka nyumbani baada ya sala ya Alfajiri akiwa mzima wa mwili na akili, na kabla ya Adhuhuri hubebwa kama mzigo, damu ikimtoka sikioni. Wenyeji wa Choma, ile iitwayo Choma cha Nkola katika Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, hawahitaji kusimuliwa jambo hili. Bodaboda ndizo zinazowaunganisha na minada, zahanati na vijiji vya jirani. Malori ya pamba na mpunga hupishana nazo katika vumbi, na wanaofika barabara kuu itokayo Singida kupitia Igunga na Nzega kuelekea Shinyanga na Mwanza hukutana na mabasi ya masafa marefu na magari ya mizigo yaendayo Rwanda na Burundi.

Hatuzungumzii hapa sababu za ajali, kwani hizo zimezungumzwa sana. Tunazungumzia kinachofuata. Mara nyingi, wazee wa pande mbili hukutana kabla ya majeruhi kutoka wodini. Mwenye gari hutoa kiasi fulani cha fedha, mtu mmoja husema "ajali haina kinga", mwingine husema ni kudura ya Mwenyezi Mungu, karatasi hutiwa saini au dole gumba, dua husomwa, na watu hutawanyika. Baada ya miezi mitatu familia hugundua kwamba kijana aliyerudi nyumbani si yule aliyeondoka. Wakati huo karatasi imekwisha andikwa na mwenye gari hapokei simu tena.

Ndugu msomaji, kuamini kudura ni nguzo ya imani. Lakini kudura haimfutii mtu dhamana ya madhara aliyoyasababisha. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu (s.w.) ameweka diya kwa ajili ya muumini aliyeuawa kwa makosa, yaani bila kukusudiwa, na akaacha mlango kwa wenyewe kusamehe wakitaka. Diya haikusubiri nia mbaya. Iliwekwa kwa sababu kuna mtu aliyepotelewa na kitu, na kuna mwingine aliyekisababisha kipotee.

JERAHA LISILOONEKANA

Mfupa uliovunjika huonekana katika picha, na kidonda hupona mbele ya macho ya watu. Jeraha la ubongo halina tabia hiyo. Ubongo ni laini, na fuvu linapopigwa kwa kishindo hutikisika ndani yake na kujigonga kwenye mfupa, hata kama ngozi ya nje haikupasuka. Damu inaweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo, na dalili zikajitokeza baada ya siku kadhaa au hata wiki kadhaa: maumivu ya kichwa yasiyokwisha, kutapika, usingizi usio wa kawaida, udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja, degedege.

Hata pale maisha yanapookolewa, athari nyingine hubaki. Aliyekuwa mpole huwa mwepesi wa hasira. Fundi husahau hatua ya kazi aliyoifanya miaka kumi. Mwanafunzi husoma ukurasa mmoja mara tano na asibakiwe na kitu. Mume husema maneno ambayo kabla ya ajali asingeyatamka mbele ya watoto. Wapo wanaosema ameingiliwa na jini, na wapo wanaosema ameanza bangi. Kisomo cha Qur'ani ni heri na hakuna anayekizuia, lakini kisomo hakimzuii mtu kwenda hospitali. Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu watafute tiba.

Kipimo kinachotumiwa na waganga kupima kiwango cha fahamu ya majeruhi kilibuniwa katika mji wa Glasgow mwaka 1974, nacho huanzia alama 3 hadi 15. Alama hiyo huandikwa katika faili siku ya kwanza. Familia nyingi hazijui kwamba tarakimu ile ndogo huweza kuwa ushahidi mkubwa mahakamani miaka miwili baadaye, kwa kuwa huonyesha majeruhi alifikishwa akiwa katika hali gani. Hali kadhalika picha ya CT skani ya kichwa, cheti cha kuruhusiwa kutoka wodini, na barua ya rufaa kutoka Nkinga, Kitete, Bugando au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI).

AKILI KATIKA MIZANI YA SHARIA

Wanazuoni wa Kiislamu walilitambua jeraha hili karne nyingi kabla ya mashine za picha. Katika barua ambayo Mtume (s.a.w.) aliwaandikia watu wa Yemen kwa mkono wa Amr bin Hazm, diya ya nafsi ilitajwa kuwa ngamia 100. Majeraha ya kichwa yalipangwa kwa daraja: lililofichua mfupa ni ngamia watano, na lililofika kwenye utando wa ubongo, liitwalo maamuma, ni theluthi ya diya. Na akili yenyewe ikiondoka, mafakihi wamesema diya yake ni kamili, sawa na ya mtu aliyekufa.

Imepokewa pia kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.) aliletewa kesi ya mtu aliyepigwa kichwani akapoteza akili, usikivu na uwezo mwingine wa mwili, huku akiwa bado hai. Umar alihukumu diya nne. Hekima yake iko wazi: aliye hai bila akili zake na viungo vyake atahitaji kulishwa, kuoshwa na kulindwa kila siku ya umri wake uliobaki.

Na pale ambapo jeraha halina kiwango kilichotajwa, Sharia haikuliacha hewani. Iliweka utaratibu uitwao hukuma, ambapo watu wenye ujuzi hukadiria upungufu uliompata majeruhi. Maana yake ni kwamba makadirio hufanywa na wanaojua, baada ya kuona jeraha limetulia wapi. Hayafanywi kwa pupa kando ya barabara.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ndiyo iliyowaleta Unyanyembe wafanyabiashara wa Pwani na Oman katika karne ya 19, na hadi leo zipo familia za Tabora zenye ndugu huko. Ndugu hao wanajua kwamba Oman diya ni sheria ya dola: Amri ya Sultani namba 118 ya mwaka 2008 iliiweka diya ya nafsi kuwa riali 15,000 za nchi hiyo. Saudi Arabia nayo mwaka 2011 ilipandisha diya ya kifo cha bahati mbaya kuwa riali 300,000. Hapa kwetu Tanzania Bara mahakama hazihukumu kwa diya. Huhukumu fidia kwa mujibu wa sheria ya madhara. Majina ni tofauti, lakini swali ni lile lile: nani amesababisha, na kilichopotea kina thamani gani?

Wapo wanaouliza kama sheria hii ya barabarani inamhusu Muislamu katika dini yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Bandar Seri Begawan, Brunei, mwezi Juni 1993, lilitoa azimio kuhusu ajali za magari. Lilisema kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na Sharia ni wajibu wa kidini, na kwamba dereva anawajibika kwa madhara anayowaletea wengine, isipokuwa pale ajali inapotokana na nguvu asiyoweza kuizuia, au kitendo cha aliyeumia mwenyewe, au kosa la mtu mwingine.

NCHI IMEWEKA NJIA GANI?

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila anayeendesha chombo cha moto barabarani kuwa na bima inayowakinga watu wengine watakaoumizwa nacho. Hii ndiyo watu waiitayo bima ndogo. Sheria hiyo inaibebesha kampuni ya bima jukumu la kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake kwa kifo au majeraha ya mtu mwingine, ilimradi kampuni iwe imepewa taarifa ya shauri kwa wakati. Kwa hiyo mwenye gari anaposema "mimi sina kitu, mtanifunga bure", jibu si kumhurumia na kuondoka. Jibu ni kuuliza bima yake iko wapi.

Mambo manne hupotosha watu wengi.

Kwanza, faini si fidia. Dereva akihukumiwa kwa uendeshaji wa hatari akalipa faini, fedha ile huingia serikalini. Mahakama ya jinai inao uwezo wa kuamuru fidia, lakini isipofanya hivyo haki ya majeruhi haijafa. Tena hukumu ile humsaidia, kwani Sheria ya Ushahidi huifanya hukumu ya mwisho ya jinai kuwa uthibitisho wa kosa lile katika shauri la madai.

Pili, muda una mwisho. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kufungua shauri la madhara. Upo unafuu kwa mtoto na kwa mtu asiye na akili timamu, lakini familia yenye busara haiutegemei, kwa sababu mashahidi huhama na kumbukumbu hufifia. Gari likiwa la Serikali, ni lazima kwanza itolewe taarifa ya siku 90.

Tatu, aliyeumia akiwa kazini, kama vile dereva wa lori au utingo wake, ana mlango mwingine. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015, humlipa mfanyakazi aliyeumia kutokana na kazi yake bila kumtaka athibitishe uzembe wa mtu.

Nne, bima ndogo haimlipi dereva mwenyewe aliyesababisha ajali. Na ikiwa majeruhi naye alichangia kosa, mahakama hugawa lawama na kupunguza fidia. Asiyevaa helmeti ajue kwamba anahatarisha uhai wake kwanza, na pengine na sehemu ya haki yake pia. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 uligundua kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 69.

HESABU YA KILICHOPOTEA

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijana wa miaka 24 anaendesha bodaboda, na baada ya mafuta na hesabu ya tajiri hubakiwa na shilingi 8,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa mwaka hiyo ni shilingi 2,496,000. Anagongwa na lori lililohama upande wake, anaumia ubongo na hawezi tena kuendesha. Wazee wanapatana shilingi 300,000. Fedha hiyo ni kipato chake cha siku 37 na nusu.

Mahakama hufikiri kwa namna nyingine. Huchukua kipato cha mwaka na kukizidisha kwa idadi ya miaka inayoona ni ya haki, ambayo huwa pungufu ya miaka yote iliyobaki ya kufanya kazi, kwa kuwa fedha hulipwa kwa mkupuo na maisha yana mengi. Tukichukua miaka 15 kwa mfano tu, kipato kilichopotea pekee ni shilingi 37,440,000. Hapo bado hatujataja gharama za matibabu na safari za Mwanza au Dar es Salaam, dawa za degedege za kila mwezi, na malipo ya mtu wa kumwangalia. Mama anayeacha shamba lake ili amwoshe mwanawe amepoteza msimu, na hilo lielezwe kwa wakili tangu mwanzo.

Juu ya hayo ipo fidia ya maumivu na ya kupotelewa na raha za maisha. Je, mtu asiyejitambua anastahili fidia hiyo ilhali hajui alichokipoteza? Swali hili lilifikishwa katika mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1963. Mwanamke wa miaka 41 alikuwa amegongwa na lori na kuumia ubongo kiasi cha kubaki na ufahamu mdogo mno. Majaji walio wengi walithibitisha fidia yake ya paundi 17,500, wakisema kwamba kilichopotea kimepotea, ajue asijue. Msomaji aliyesoma habari ya Umar na diya nne ataona fikra mbili zilizotoka mbali zikikutana mahali pamoja.

Lakini mahakama zetu zina sharti moja gumu. Gharama zilizokwisha tumika ni lazima zitajwe moja moja katika madai na zithibitishwe. Mahakama ya Rufani imelisisitiza hilo katika uamuzi uliomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 1992. Asiye na risiti, hata kama ameuza ng'ombe wanne, anaweza kutoka mahakamani bila hata mmoja.

KUANDIKA NI IBADA

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Muislamu aliyefunzwa hivyo asione tabu kutunza karatasi. Jambo la kwanza ni matibabu, na fomu isiwe sababu ya kuyachelewesha. Kisha ajali iripotiwe polisi na ipatikane PF3, ambayo mganga huijaza. Askari wa usalama barabarani huchora ramani ya ajali na gari hukaguliwa, nayo familia ifuatilie taarifa hizo. Namba ya gari, jina la mmiliki, na namba ya stika ya bima pamoja na jina la kampuni viandikwe siku ile ile. Uhalali wa stika huweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Gari likiwa la nchi jirani, iulizwe kadi ya njano ya COMESA, ambayo ndiyo bima yake likiwa nje ya kwao.

Nyumbani liwekwe daftari. Humo ziandikwe risiti, nauli, dawa, na mabadiliko ya mgonjwa kwa tarehe: siku aliyoanguka degedege, siku aliyopotea njia ya nyumbani, siku aliyosahau jina la mwanawe. Daftari hilo litamsaidia daktari, na baadaye hakimu.

Aliyeona ajali naye asijifiche. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu au jamaa zetu. Ushahidi wa muuza mahindi aliyekuwa kando ya barabara unaweza kuwa ndio chakula cha majeruhi kwa miaka ijayo.

Kwa asiye na uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na ofisi za halmashauri na ustawi wa jamii zinaweza kumwelekeza walipo. Mgogoro na kampuni ya bima waweza pia kufikishwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na asiyejiweza kiakili hufungua shauri kupitia mtu mzima anayesimama badala yake, ambaye wanasheria humwita rafiki wa karibu.

NANI ANA HAKI YA KUSAMEHE?

Kusamehe ni jambo tukufu, na Qur'ani imelisifu. Lakini msamaha ni wa mwenye haki. Mtu aliyelala bila fahamu hajasamehe. Ami yake, kaka yake na mzee wa mtaa hawamiliki haki yake hata waigawe. Walii katika fiqhi ni mlinzi wa mali ya asiyejiweza, na mlinzi haitoi sadaka mali asiyoimiliki. Sheria ya nchi inasema jambo linalofanana na hilo: katika shauri la mtoto au la mtu asiye na akili timamu, Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya 31, inamkataza anayemwakilisha kufanya mapatano bila ruhusa ya mahakama.

Hatusemi mapatano ni haramu. Suluhu ni heri, na kesi ndefu huchosha. Tunachosema ni kwamba suluhu ije baada ya daktari kueleza jeraha limetulia wapi na hesabu kufanywa. Fedha ya dharura ya matibabu ipokelewe, lakini iandikwe wazi kwamba ni msaada wa matibabu na si malipo ya mwisho.

Wapo wanaoona shaka kupokea fedha ya bima, kwa kuwa Baraza lile la Fiqhi mwaka 1985 liliikataa bima ya kibiashara na kuruhusu ile ya ushirikiano. Majeruhi hakuingia mkataba ule. Anachokidai ni haki yake kwa aliyemdhuru, nayo inalipwa kupitia mkono ambao sheria imeuweka. Mwenye shaka iliyobaki amuulize sheikh wake, lakini asiiache haki ya mgonjwa ipotee wakati anauliza.

FEDHA ZIKIFIKA

Mtihani mwingine huja siku ya malipo. Ghafla mgonjwa hupata ndugu wengi. Mmoja hutaka mtaji, mwingine hukumbuka deni la zamani, na wapo wanaotaka kuigawa kama mirathi. Fidia si mirathi. Mwenyewe yu hai, na kila senti ni yake. Suratun Nisaa, aya ya 5, inakataza kuwakabidhi mali wasioweza kuisimamia, na papo hapo inaamrisha walishwe na wavishwe kutokana nayo na wasemeshwe kwa wema. Aliyeshika fedha hiyo aandike matumizi, aifungulie akaunti yake peke yake, na awe tayari kuulizwa na familia hapa duniani kabla ya kuulizwa kesho Akhera. Mke na watoto wa mgonjwa wana haki ya kutunzwa katika mali hiyo, na wasisukumwe pembeni.

Ndugu zangu Waislamu, siku ajali itakapofika katika mtaa wetu, wa kwanza kuitwa watakuwa wazee na maimamu. Wanapoombwa waongoze suluhu, na waulize kwanza mambo matatu: Daktari amesema nini? Bima ya gari iko wapi? Na mwenye haki anaweza kujisemea? Kama majibu hayajapatikana, basi wasome dua ya kumwombea mgonjwa shifaa, na karatasi ya mapatano ingoje.

Wabillahi tawfiq.